Kiwanda Kinachopanda Juu

Umbo la kiwanda ambalo macho ya watu wa Bungoma na Trans Nzoia yamelizoea ni moja: banda refu la mabati lililolala chini, ua mpana wa malori, na ukuta unaozunguka ekari nyingi za ardhi ambayo zamani ilikuwa mahindi au miwa. Mazoea hayo yana chanzo. Pan Paper ilianza kutengeneza karatasi Webuye mwaka 1974, na Nzoia Sugar ikaanza kusaga miwa Bukembe mwaka 1978. Vyote viwili ni viwanda vya kazi nzito na mvuke, ambavyo haviwezi kusimama ila kwa kutandazwa. Viwanda vya kuunganisha magari vilivyoanzishwa nchini katika miaka hiyohiyo ya sabini, kule Thika, Mombasa na kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, navyo vilijengwa kwa kulala. Sasa kila kaunti inataka eneo lake la viwanda, na michoro inayotangazwa hurudia banda lilelile. Hoja ya sura hii ni kwamba kwa sehemu kubwa ya kazi ambazo kaunti hizi zinataka kuzianzisha, banda hilo si jengo linalofaa. Jengo linalofaa zaidi lilibuniwa Detroit kati ya 1905 na 1914 na watu waliotengeneza magari, kisha wakaliacha kwa sababu ambazo hazituhusu sana sisi.

Ili kuelewa walichobuni, ni vyema kuanza na kile walichokikimbia. Mwaka 1904 Henry Ford alijenga kiwanda katika Barabara ya Piquette, Detroit. Kilikuwa na ghorofa tatu, urefu wa futi 402 na upana wa futi 56, yaani mita 17 tu. Kuta zilikuwa za matofali. Ndani, nguzo na sakafu zilikuwa za mbao. Umbo hilo jembamba liliigwa kutoka viwanda vya nguo vya New England, ambako upana wa jengo uliamuliwa na umbali ambao mwanga wa dirisha ungeweza kufika ndani. Humo ndimo gari la kwanza la Model T lilimoundwa mwaka 1908. Lakini jengo lenyewe lilikuwa na kasoro tatu zilizofungamana. Ukuta wa matofali ndio uliobeba uzito, kwa hiyo madirisha hayangeweza kupanuliwa bila kuudhoofisha. Nguzo za mbao zilisongamana, na mashine zikapangwa pale nguzo ziliporuhusu, si pale kazi ilipotaka. Na sakafu za mbao zilizolowa mafuta ya mashine zilikuwa kuni zinazosubiri cheche. Mwaka 1901 kiwanda cha magari cha Olds kilikuwa kimeteketea katika mji huohuo, na Ford alitenganisha vyumba vyake kwa kuta nene za kuzuia moto, jambo lililozidi kuikata sakafu vipande vipande.

Dawa ya kasoro zote tatu ilitoka kwenye zege lililotiwa nondo. Haikuwa siri ya Wamarekani, kwa kuwa Mfaransa François Hennebique alikuwa amesajili mfumo wake wa nguzo na boriti za zege mwaka 1892. Huko Bayonne, New Jersey, kiwanda cha madini ya boraksi kilichojengwa na Ernest Ransome kilishika moto mwaka 1902. Ndani, vitu vya chuma na shaba viliyeyuka, ila jengo lilibaki limesimama. Habari hiyo iliwafikia wenye viwanda kuliko mahubiri yoyote ya wahandisi. Huko Detroit aliyeichukua kwa dhati alikuwa Albert Kahn, mwana wa rabi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1869 na kuhamia Marekani akiwa mtoto, asiyewahi kukaa darasani katika chuo kikuu chochote cha usanifu. Ndugu yake Julius alikuwa amebuni nondo yenye mabawa yaliyopindwa juu ili izuie boriti kupasuka karibu na nguzo. Kampuni ya Packard ilikuwa imejenga majengo tisa kwa mtindo wa zamani. La kumi, mwaka 1905, Kahn aliliinua kwa zege tupu: nguzo zilizoachana sana, sakafu nzito, na ukuta usiobeba chochote.

Hapo ndipo palipo kiini cha mageuzi yenyewe. Nguzo zikishabeba kila kitu, ukuta unakuwa pazia. Unaweza kuwa kioo kutoka nguzo hadi nguzo, unaweza kuwa matofali, unaweza kuondolewa wote na jengo lisitikisike. Mtu yeyote aliyetazama ghorofa likipanda katika mji wa Bungoma, au jengo la madarasa likiinuliwa katika Chuo Kikuu cha Kibabii, ameushuhudia utaratibu huohuo: nguzo kwanza, slabu juu yake, nguzo tena, na matofali yakija mwisho kuziba nafasi zilizobaki. Mafundi wetu wanaufahamu kwa mikono yao. Jambo ambalo halijatendeka ni kuurudisha kwenye kazi iliyoupa umaarufu, kwa maana sisi tumeutumia kwa maduka, hoteli, vyumba vya kupanga na madarasa, halafu tukifika kwenye kiwanda tunauweka kando na kuagiza mabati.

Mwaka 1910 Ford alihamia Highland Park, katika jengo lililochorwa na Kahn: ghorofa nne, urefu wa futi 865 na upana wa futi 75, yaani takriban mita 264 kwa 23. Vioo vilikuwa vingi kiasi kwamba watu waliliita kasri la kioo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1913, ndani ya kiwanda hicho ulianza mstari wa kuunganisha magari unaotembea, ambapo gari humwendea fundi badala ya fundi kulifuata gari. Muda wa kuunganisha fremu moja ulishuka kutoka takriban saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na dakika 33. Mpangilio wa tarehe hizi ni muhimu. Jengo halikuchorwa kwa ajili ya mstari, maana mwaka 1910 hakuna aliyeujua. Lilichorwa ili sakafu ibaki wazi, na uwazi huo ndio uliowapa wahandisi wa Ford nafasi ya kusogeza mashine wiki hata wiki, kupima, kukosea na kusogeza tena hadi wakaupata utaratibu wao.

Msomaji makini atapinga kwamba wazo la mstari lilitoka kwingine, hasa kwenye machinjio ya Chicago, ambako nyama zilizoning'inizwa kwenye reli ya juu zilipita mbele ya wachinjaji mmoja baada ya mwingine. Ni kweli, na watu wa Ford wenyewe walilitaja hilo. Lakini wazo likishazaliwa huhitaji mahali pa kujaribiwa, na kwenye kiwanda cha mbao kilichokatwakatwa kwa kuta za moto, jaribio moja lingedai kubomoa ukuta. Sidai kwamba jengo lilivumbua mstari. Ninadai kwamba jengo lilipunguza gharama ya kujaribu hadi jaribio la kumi likawa rahisi kama la kwanza, na kwamba kwa nchi inayotafuta viwanda ambavyo bado haijajua vitakuwa vipi, hiyo ndiyo sifa kubwa kupita zote.

Kuna jambo la pili Highland Park, lisilotajwa sana, ambalo kwetu lina uzito zaidi. Majengo ya ghorofa sita yaliyoongezwa na Kahn kuanzia mwaka 1914 yalisimama ubavu kwa ubavu, na katikati yao palikuwa na uchochoro mrefu uliofunikwa kwa kioo, ambamo treni iliingia na mizigo. Kreni iliyopita juu ya uchochoro huo iliinua mali ghafi na kuiweka kwenye roshani za kila ghorofa. Kutoka hapo kazi ilishuka. Sehemu ndogo zilitengenezwa juu, zikateremka kwa mitelezo na kupitia matundu ya sakafu, zikaongezewa nyingine ghorofa ya chini yake, hadi gari likakamilika pale chini na kutoka kwa magurudumu yake. Mzigo uliinuliwa mara moja tu, na safari iliyobaki ilifanywa na uzito wake wenyewe. Fiat walipojenga Lingotto mjini Turin kati ya 1916 na 1923, kwa mchoro wa mhandisi Giacomo Mattè-Trucco, waligeuza mwelekeo: mali iliingia chini, gari likapanda ghorofa tano na kumalizikia juu ya paa, ambako palikuwa na barabara ya mviringo ya kulijaribia. Picha za paa hilo zimezunguka dunia nzima. Kwa maoni yangu Highland Park ndiyo iliyokuwa na akili zaidi, kwa kuwa kitu huwa kizito kadiri kinavyokamilika, na ni afadhali kizito kishuke kuliko kipande.

Kwa nini basi waliliacha? Mwaka 1917 Ford alianza kujenga kando ya mto Rouge, kwenye eneo la ekari zipatazo 2,000, na Kahn huyohuyo akachora mabanda ya chuma ya sakafu moja. Mirafiori, kiwanda kilichofuata cha Fiat, kilichofunguliwa mwaka 1939, nacho kililala chini. Sababu ziko wazi. Ford alitaka kuyeyusha chuma, kutengeneza kioo na kuunda gari mahali pamoja, na tanuru la chuma halipandi ngazi. Magari yalikua mazito. Mstari ukishakuwa mrefu na wa kudumu, kila nguzo na kila lifti ni kizuizi. Zaidi ya yote, ardhi nje ya Detroit ilikuwa tele na rahisi. Banda la chini, basi, ndilo jibu la mtu mwenye kitu kizito kimoja, wateja wa mamilioni na uwanda usio na mipaka. Hilo ndilo umbo lililosambaa duniani. Wakati wa Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano ofisi ya Kahn ilichora mamia ya viwanda vya Muungano wa Sovieti. Na sisi tumelirithi bila kuurithi uwanda wake.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,670,570 Bungoma, zaidi ya watu 550 kwa kila kilomita ya mraba, na kilomita hizo zinajumuisha msitu wa Mlima Elgon. Trans Nzoia, yenye sifa ya mashamba makubwa, ilikuwa na karibu watu 400. Kati ya Bungoma na Chwele, Kibabii ikiwa njiani, shamba hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, na kipande kinachobaki ndicho chakula cha nyumba. Katika nchi kama hiyo kiwanda kinachotandazwa kinamega riziki ya watu kabla hakijaajiri hata mmoja. Tufanye hesabu ya jengo la Highland Park: mita 264 kwa 23 ni ekari moja na nusu ya ardhi, zidisha kwa ghorofa nne, upate ekari sita za sakafu ya kazi. Ekari nne na nusu zinabaki na mahindi. Hoja hii haihitaji ardhi iwe ghali sokoni. Inatosha kwamba ina watu juu yake.

Sisemi kwamba kila kazi ipande ghorofani. Miwa haitapandishwa, wala karatasi, wala matrekta. Ninazungumzia kushona nguo na viatu, kufunga unga na kahawa, kuunganisha pikipiki na baiskeli zinazoletwa kwa vipande, kutengeneza vitanda vya hospitali, redio, betri, samani, na kazi za chuma chepesi ambazo mafundi wa jua kali hufanya sasa kando ya barabara, mvua ikiwanyeshea. Hizi ni kazi ambazo kitu kimoja hubebwa na mtu mmoja au wawili. Na ni kazi zinazobadilika: anayeshona sare za shule mwezi wa Desemba anaweza kuhitaji kushona mabegi mwezi wa Mei. Sakafu tupu yenye nguzo zilizoachana itampokea kwa vyote viwili. Lingotto ilifungwa kama kiwanda mwaka 1982, lakini leo ina hoteli, maduka na madarasa ya uhandisi, kwa kuwa fremu yake haikufungwa kwa kazi moja. Kinyume chake tumekiona Webuye. Mashine za karatasi zilipozimwa, mji mzima uliyumba, na jengo lililozungushiwa mashine hizo halikuwa na kazi nyingine ya kuupa.

Hata hivyo, mchoro wa Detroit hauwezi kuletwa Kibabii ulivyo, kwa sababu jua ni tofauti. Wasanifu wa kaskazini walipenda paa la meno ya msumeno, ambalo vioo vyake hutazama kaskazini. Huko, jua la mchana huwa kusini siku zote, hivyo kioo hicho huleta mwanga mtulivu usio na joto. Kibabii iko chini ya nyuzi moja kaskazini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na paa lililoigwa kutoka vitabuni litawamwagia mafundi jua utosini nusu ya mwaka. Kisha kuna mvua ya mawe ya alasiri, ambayo hujaza kila mfereji uliofichwa kati ya meno hayo. Jengo la ghorofa hupata mwanga wake ubavuni, na hapa ikweta inakuwa rafiki. Ukuta mrefu ukitazama kaskazini na mwingine kusini, kibaraza cha mita moja juu ya dirisha la mita mbili hulitia kivuli lote wakati wa adhuhuri, mwezi wowote wa mwaka, na sehemu kubwa yake kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Detroit haiwezi kupata hilo kwa kibaraza kifupi namna hiyo. Na upana wa mita 23, uliochaguliwa kwa ajili ya mwanga, ndio huohuo unaoruhusu upepo uingie upande mmoja na kutokea wa pili bila feni. Kuta za mashariki na magharibi, ambako jua huingia kwa ubapa, zibaki fupi na ziwe na ngazi na vyoo.

Wapo watakaouliza habari ya stima, kwa sababu kila mtu anajua hukatika. Jibu liko katika fizikia. Kuinua tani moja mita 12 kunahitaji nishati ya takriban sehemu moja ya thelathini ya yuniti ya stima. Hata lifti ikipoteza theluthi mbili, ni sehemu ya kumi ya yuniti. Mzigo unaweza kupandishwa asubuhi stima ikiwapo, na kazi ikateremka mchana kutwa kwa mitelezo hata ikikatika. Banda pana, kwa upande wake, lisilo na mwanga wa ubavuni katikati, huhitaji taa saa sita mchana. Gharama ya ujenzi ni pingamizi gumu zaidi, na ni kweli kwamba mita moja ya mraba ya banda la chuma ni rahisi kuliko ya ghorofa la zege. Lakini bei hiyo haihesabu barabara za ndani, mitaro, kusawazisha ardhi, ua na paa lenyewe, vyote vikiongezeka kila jengo linapotanda, na haihesabu kabisa mavuno yaliyopotea ya ardhi iliyofunikwa.

Pingamizi linalonitia wasiwasi wa kweli ni la watu watakaokuwa ndani. Madirisha ya Highland Park hayakuwazuia wafanyakazi kukimbia. Mwaka 1913 Ford alilazimika kuajiri zaidi ya watu 52,000 ili abaki na takriban 14,000, kwa jinsi kazi ya mstari ilivyochosha roho, na ujira wa dola tano kwa siku uliotangazwa Januari 1914 ulikuwa bei ya kuwazuia wasiondoke. Sakafu wazi ilimfaa fundi, na ilimfaa pia msimamizi aliyetaka kuona kila mkono. Mwanga si haki. Na ghorofa lina hatari zake yenyewe. Mwaka 1911 wafanyakazi 146 wa kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, wengi wao wasichana, walikufa kwa moto katika ghorofa za juu za jengo ambalo halikuungua na ambalo limesimama hadi leo. Mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Mwaka 2013 Rana Plaza nchini Bangladesh iliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Ilikuwa imejengwa kwa maduka na ofisi, ghorofa za juu zikaongezwa bila kibali, kisha zikapakiwa cherehani na jenereta. Sisi wenyewe tulizika karibu watu 50 baada ya jengo la Huruma, Nairobi, kuanguka mwaka 2016.

Vifo hivyo havikuletwa na ghorofa kama umbo, bali na kufuli mlangoni na uzito usiohesabiwa, na vyote viwili huamuliwa kabla ya jengo kufunguliwa. Katika kanuni za Kiingereza ambazo wahandisi wetu wamezitumia kwa miongo mingi, sakafu ya darasa huhesabiwa kubeba takriban kilo 300 kwa mita ya mraba, na ya karakana takriban 500. Nondo zinazoachwa zikichomoza juu ya paa katika miji yetu, zikisubiri pesa za ghorofa nyingine, hazisemi zitabeba lipi kati ya hayo mawili. Kwa kiwanda hilo haliruhusiki. Idadi ya ghorofa, kilo za kila sakafu, na ngazi mbili zilizo mbalimbali zenye milango inayofunguka kuelekea nje, vyote vijulikane siku msingi unapochimbwa, viandikwe, na kibandikwe kibao kwenye kila ghorofa kinachotaja uzito wake kwa Kiswahili, mahali ambapo hata mpagazi anayeingiza mashine ya kwanza atakisoma.